Kuona tishu laini kwenye skani ya CBCT ya kinywa na koo: hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja juu ya CBCT, yaani skani ya 3D ya meno na uso, ni yaleyale. Meno na mifupa vimetoka safi, mbona ulimi, fizi na koo ni kijivu kimoja kisicho na mwanzo wala mwisho? Niongeze nguvu ya mashine? Kuna chujio gani la kusafisha? Nimeyapanga majibu hapa kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, tangu mgonjwa anapoingia chumbani hadi picha inapokuwa kwenye skrini.

Mwongozo huu ni wako ikiwa wewe ni radiografa, daktari wa kinywa na meno unayeanza kutumia CBCT, au mwanafunzi uliyekabidhiwa skani na kuambiwa "pima njia ya hewa". Mgonjwa mwenye flashi yake mkononi naye anaweza kuanzia hatua ya 5, ila kusema kuna ugonjwa au hakuna amwachie daktari.

Nadharia kidogo tu

Kwenye CT ya hospitali kila kitu hupewa namba kulingana na kinavyozuia mionzi: hewa husomeka -1000, maji 0, mafuta kama -100, misuli kama 50, na mfupa mgumu hupita 1000. Angalia nafasi zilizopo: kutoka hewa hadi misuli ni zaidi ya hatua 1000, lakini kutoka mafuta hadi misuli ni kama 150 tu. CBCT ya meno hutumia mionzi michache iliyotanuka kwa umbo la koni, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo hutawanyika ndani ya kichwa kisha ikapiga kihisi mahali pasipo pake. Matokeo yake ni chenga, kama za televisheni yenye antena mbovu. Chenga hizo huimeza ile tofauti ya 150 bila shida. Ile ya 1000 haziiwezi.

Kwa hiyo shika hili: CBCT haitenganishi vizuri tishu laini na tishu laini, lakini inatenganisha vizuri sana tishu na hewa. Ukitaka kuona kitu laini, kiwekee hewa pembeni. Hatua nyingi za hapa chini zinatokana na sentensi hiyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Skani nzima ya DICOM, yaani mafaili ya asili yanayotoka kwenye mashine. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haifai kwa kazi hii. Imeshafinywa, vivuli vingi vimetupwa, na hakuna ujanja wa kuvirudisha.
- Flashi. Vituo vingine bado vinatoa CD, na laptopu nyingi za siku hizi hazina pa kuiingiza.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na programu ya kufungulia skani. Mimi nitatumia 3D Slicer kwa sababu ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Ni programu ya utafiti na mafunzo, haijaidhinishwa kwa kutolea majibu ya mgonjwa. Kwa majibu, tumia programu iliyokuja na mashine. Mbinu ni zilezile.
- Chumba chenye mwanga hafifu. Tofauti ndogo za kijivu hazionekani mbele ya dirisha la saa sita mchana.
- Ruhusa ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na usidhani kufuta jina kunatosha: skani iliyochukua uso mzima ina ngozi, pua na midomo, na programu yoyote ya 3D itautengeneza uso huo upya hata mtu anayemfahamu akamtambua.

Sehemu ya kwanza: kwenye mashine

1. Jua unatafuta nini. Fizi na njia ya hewa zinataka maandalizi yanayopingana. Anayetaka kuona fizi anausogeza ulimi na midomo mbali. Anayetaka kupima njia ya hewa hataki ulimi uguswe kabisa, kwa sababu ukiusogeza umeshabadilisha unachopima. Fomu ya daktari ikiwa imeandikwa "CBCT" tu, mpigie simu umuulize.

2. Mwondolee mgonjwa kila chenye chuma. Miwani, hereni, kipini cha pua, pini za hijabu, vibanio vya nywele, meno bandia ya kuvuliwa. Pini moja nyuma ya shingo inaweza kuchora michirizi mpaka kooni.

3. Mwandae kulingana na swali.

*Kwa fizi:* tumia kifaa cha plastiki cha kutanua midomo, kile cha kupigia picha za meno, au pamba za meno zilizoviringishwa, uzipange kati ya mdomo na fizi, na kati ya shavu na fizi. Mwambie mgonjwa alaze ulimi chini, kwenye sakafu ya kinywa. Mbinu hii ilielezwa na Januário na wenzake mwaka 2008, na haina gharama ya maana. Bila hiyo mdomo unalala juu ya fizi, ulimi unagusa kaakaa, na vyote vinatoka kama kitu kimoja. Ukiweka hewa katikati, unene wa fizi unapimika, na vilevile umbali kutoka ukingo wa fizi hadi mfupa.

*Kwa njia ya hewa:* mgonjwa akae au asimame wima, kichwa katika hali yake ya kawaida, macho yakitazama mbele usawa wake. Meno yagusane bila kung'ata kwa nguvu, midomo ifungwe bila kukazwa, ulimi ukae unapokaa siku zote. Apumue polepole kwa pua na asimeze mate. Shingo ikiinama au kuinuka kidogo, upana wa koromeo hubadilika, kwa hiyo andika alivyokaa. Akirudi baada ya miezi kadhaa kwa kulinganisha, umweke vilevile.

*Kwa sura ya uso:* kikombe cha kidevu na mkanda wa paji la uso hubonyeza ngozi. Ikiwa mashine inaruhusu, zuia kichwa kwa njia nyingine.

4. Mfanyishe mazoezi kabla ya kupiga. Mashine nyingi huzunguka kwa sekunde 10 hadi 20, nyingine zaidi. Mwambie ameze mate sasa, kisha mzungushie mashine bila mionzi kama ina uwezo huo, aone kitakachotokea. Mtoto hasa. Hatua hii ndiyo watu huruka wakiwa na foleni, na ndiyo inayoharibu skani nyingi za koo. Mmezo mmoja hupandisha ulimi na kaakaa laini, na ukingo wa tishu unatoka mara mbili.

Kuhusu vipimo vya mashine nitasema machache. Chagua eneo dogo kuliko yote linalojibu swali. Kwa njia ya hewa liende kutoka juu ya kaakaa gumu hadi chini ya ncha ya epigloti (kifuniko cha njia ya hewa kooni). Vokseli (kijichemraba kinachounda picha) ya milimita 0.3 au 0.4 inatosha kwa koo. Wanaoanza hukimbilia ndogo kabisa wakidhani ndiyo "HD", kumbe kila vokseli inapata mionzi michache zaidi na chenga zinaongezeka. Mashine nyingine hufidia kwa kuongeza mionzi, nayo tezi ya shingoni, inayodhurika na mionzi, iko palepale.

Onyo: usiongeze mA wala kV (mkondo na volteji ya mashine) nje ya utaratibu wa kituo eti tishu laini zionekane. Zitaonekana kidogo tu, na mgonjwa ndiye atakayelipa. Mwongozo wa Ulaya wa CBCT ya meno uliotoka mwaka 2012 uko wazi hapa: ikiwa tangu mwanzo unajua unahitaji kuchunguza tishu laini zenyewe, kipimo sahihi ni CT ya hospitali au MRI. Uvimbe wa shingo, jipu, tezi za mate na ulimi wenye kidonda si kazi ya CBCT hata kidogo. Ultrasaundi ya bei nafuu itakueleza mengi zaidi.

Ukimaliza, toa skani yote kwa DICOM, vipande vyote. Ukiona kompyuta inakupa chaguo la JPEG, likatae.

Sehemu ya pili: kwenye kompyuta

5. Ingiza skani. Ndani ya 3D Slicer bonyeza "Add DICOM Data", kisha "Import DICOM files", chagua folda nzima, halafu "Load". Vitatokea vidirisha vitatu vya vipande: wa mlalo, wa ubavu na wa mbele.

6. Soma namba tatu. Hatua hii ni fupi na ndiyo inayofanya zinazofuata zieleweke. Peleka mshale katikati ya koo penye hewa, usome thamani kwenye kisanduku cha "Data Probe" chini kushoto. Kisha katikati ya ulimi, mbali na meno yaliyozibwa. Kisha kwenye mfupa mgumu wa taya. Usisome thamani moja na kuondoka. Tembeza mshale kidogo uone zinachezea wapi, uchukue ya katikati. Ziandike.

Usisome hewa kwenye weusi ulio nje ya mduara wa skani. Pale programu imejaza namba ya uongo, si hewa.

Na usishangae namba zikikataa kufanana na za kitabuni. CBCT haina mizani ya CT. Mashine moja itakupa hewa -950, nyingine itakupa 40 kwa sababu inaanzia sifuri. Hata ndani ya skani moja, tishu iliyo ukingoni inaweza kusomeka tofauti na ya katikati. Hii ndiyo sababu sikupi namba za kunakili. Anayekupa amekupa namba za mashine yake.

7. Panga dirisha. Skani ina maelfu ya vivuli na jicho lako haliwezi kuvibagua vyote kwa pamoja. Dirisha ndilo linaloamua vivuli vipi vionyeshwe. CBCT nyingi hufunguka zikiwa na dirisha pana la mfupa, ambalo linaibana tishu laini yote kwenye kijivu kimoja. Nusu ya watu wanaouliza juu ya machujio wanachohitaji ni hatua hii tu.

Kanuni ninayoitumia:

- kitovu cha dirisha = thamani ya ulimi;
- upana wa dirisha = umbali kutoka hewa hadi ulimi.

Mfano: hewa -950, ulimi 90. Umbali ni 1040. Nenda moduli ya "Volumes", kwenye "Display" chagua "Manual W/L", andika upana 1040 na kitovu 90. Sasa kila kilicho chini ya -430 ni cheusi, kila kilicho juu ya 610 ni cheupe, na vivuli vyote vya katikati vimeachiwa tishu laini. Kwenye mashine inayoanzia sifuri, hewa ikiwa 40 na ulimi 1050, upana ni 1010 na kitovu 1050. Kanuni ileile.

Kutoka hapo punguza upana taratibu, 100 kwa 100. Mafuta ya chini ya ngozi yataanza kuwa meusi kidogo kuliko misuli ya shavu. Chenga zikianza kukusumbua macho, rudi hatua moja. Dirisha la 350 hadi 400 linalotumika kwenye CT ya hospitali, ukiliweka kwenye CBCT ya meno, litakuonyesha chenga tupu.

Onyo: ukingo unaouona husogea dirisha linapobadilika. Koo lilelile litaonekana jembamba au pana kulingana na ulivyopanga. Ukipima upana, pima kwa dirisha moja siku zote. Ile -430 ya mfano wetu, iliyo nusu ya njia kati ya hewa na ulimi, ndiyo makadirio ya haki ya mahali ukingo ulipo, na tutairudia kwenye hatua ya 10.

8. Nyoosha na ongeza unene wa kipande. Kwanza geuza skani mpaka kipande cha ubavu kipite katikati kabisa ya uso. Kwa fizi, kipite kwenye mhimili wa jino unalolitazama. Kisha ongeza unene, kwani programu nyingi zina kitelezi chake. Vipande vinne vya milimita 0.3 vikikusanywa kwa wastani vinakupa kipande cha milimita 1.2, na chenga hupungua hadi karibu nusu. Hakuna mionzi iliyoongezwa na hakuna kilichobuniwa. Naipenda kuliko chujio lolote.

Chagua wastani. Ukichagua thamani ya juu zaidi utaona meno na mifupa peke yake, na ya chini zaidi italifanya koo lionekane pana kuliko lilivyo. Kwa fizi nyembamba usizidi milimita 1, maana fizi hupinda na kipande kinene kitaufifisha ukingo.

9. Chuja, kama bado kuna haja. Mara nyingi haipo. Ukilazimika, chuja nakala na uache ya asili ilivyo. Anza na "Median Image Filter" yenye radiasi 1 kila upande, au "Curvature Anisotropic Diffusion" kwa mizunguko michache, ambayo hulainisha ndani ya tishu na kujitahidi kuacha kingo. Ulimi ukianza kung'aa kama mshumaa, umepitiliza. Machujio ya kunoa picha yaache kabisa, yananoa na chenga pia.

10. Tenga njia ya hewa. Fungua "Segment Editor", bonyeza "Add", kisha "Threshold". Kizingiti cha juu kiwe ile namba ya nusu ya njia (-430 kwenye mfano), cha chini kiwe thamani ndogo kabisa iliyopo. Bonyeza "Apply". Utapata hewa yote: ya koo, ya pua, ya sainasi na ya nje ya uso, zote zimeungana. Usiogope. Tumia "Scissors" kwenye kipande cha ubavu kukata mipaka: juu, mstari unaoanzia ncha ya nyuma ya kaakaa gumu, chini, ncha ya epigloti. Ikiwa mdomo ulikuwa wazi, kata na mbele ya koo. Kisha "Islands", chagua "Keep selected island" na ubonyeze koo.

Sasa pitia kipande kwa kipande, mstari wa ukingo ukiwa juu ya picha ya asili, uone kama umelala panapostahili. Sehemu nyembamba kuliko vokseli mbili au tatu hazitabiriki, zisahihishe kwa mkono. Ujazo utaupata kwenye "Segment Statistics". Pamoja na ujazo andika kizingiti, mipaka miwili, na jinsi mgonjwa alivyokaa. Bila hayo namba hiyo haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, hata ya mgonjwa huyohuyo.

Na usimwambie mtu ana tatizo la kukosa pumzi usingizini kwa sababu koo lake ni jembamba kwenye skani. Umempiga akiwa macho, tena amekaa wima. Akilala chali ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma. Ugonjwa huo hupimwa usiku, akiwa amelala.

Ikikwama

*Picha yote nyeusi au yote nyeupe.* Ni dirisha. Rudi hatua ya 6.

*Kuna michirizi myeupe na myeusi kutoka kwenye meno.* Ni chuma: jino lililozibwa, kofia ya jino, vyuma vya kunyooshea meno au skrubu ya kipandikizi. Mashine ikiwa na chaguo la kupunguza athari za chuma, omba skani itengenezwe upya kutoka data ileile, bila kumpiga mgonjwa tena. Tishu iliyo kati ya vyuma viwili usiitolee hukumu.

*Kingo zote ni mbili mbili.* Mgonjwa alitikisika au alimeza. Haitengenezeki. Urudiaji ni uamuzi wa daktari, na tu ikiwa swali lake halijajibiwa. Ikiwa anataka kujua meno yamelala vipi na hilo linaonekana, iacheni.

*Koo limefunga kabisa mahali fulani.* Angalia kaakaa laini kwanza. Likiwa limeinuka na kugusa ukuta wa nyuma, huo huenda ni mmezo. Likiwa limening'inia kawaida na bado pamefunga juu yake, hasa kwa mtoto, huenda ni adenoidi (nyama zilizo nyuma ya pua). Mpelekee daktari wa masikio, pua na koo.

*Miduara inayozunguka katikati ya picha.* Kihisi kinahitaji kusawazishwa. Mwite fundi wa mashine, usihangaike na machujio.

*Upande mmoja wa uso una kijivu tofauti na mwingine.* Kichwa hakikuingia chote kwenye eneo la picha, au hakikuwa katikati. Panga dirisha kwa kila upande peke yake, na usitumie kizingiti kimoja kwa pande zote.

*Kompyuta inaganda.* Tumia "Crop Volume" ukate sehemu unayoihitaji, kisha uondoe skani kubwa kwenye kumbukumbu.

*Fizi na mdomo bado vimeshikana na nimefanya yote.* Basi vilikuwa vimegusana wakati wa kupiga. Hakuna programu itakayovitenganisha. Ikiwa unene wa fizi ndio unaotakiwa, daktari anaweza kuupima kinywani kwa kifaa chembamba baada ya ganzi, bila skani ya pili.